Kaizari Aliyepitia Mwisenge

Mwaka 1957 mwongozaji filamu wa Japani, Akira Kurosawa, alimtwaa Macbeth wa Shakespeare, akamvika deraya ya samurai na kumchezesha kwa mwendo wa jukwaa la kale la Noh. Maneno ya Shakespeare aliyaacha, akabaki na mifupa ya kisa: tamaa, mauaji, hofu.

Miaka sita baadaye mzaliwa wa Butiama alishika njia ya kinyume. Julius Nyerere, tayari Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar. Roma aliiacha palepale, na watu wake wakabaki Warumi. Alichogeuza ni lugha, na hapo ndipo penye kazi.

Kiswahili chenyewe hakunyonya titi la mama nacho. Nyumbani kwa baba yake, Mtemi Burito, kilisemwa Kizanaki. Ni mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Baadaye zikaja Tabora, Makerere na Edinburgh, alikohitimu 1952. Katika utangulizi wa tafsiri yake alieleza kwamba Kiswahili ni lugha tajiri, ila utajiri huo utazidi tu kikipewa kazi mpya.

Kazi mpya kweli! Wasomaji walizoea shairi lenye vina na mizani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amezichapisha kanuni zake kitabuni mwaka 1954. Nyerere alifuata mistari ya Shakespeare isiyo na vina. Sikio lililolelewa na utenzi hujikwaa mwanzoni, lakini Mark Antony anapoanza kuuchochea umati mbele ya maiti, vina havikumbukwi tena.

Inagusa pia kwamba mtawala ndiye aliyechagua kisa cha mtawala anayechomwa visu na watu wake wa karibu. Januari 1964, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, askari wa Tanganyika Rifles waliasi.

Mwaka 1968 Samuel Mushi alitoa Makbeth, tafsiri ya tanzia ileile aliyoitumia Kurosawa. Mwaka uliofuata Nyerere alitoa tafsiri yake iliyosahihishwa, safari hii kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Katika jina la tamthilia hii ya pili, mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati neno hilo limeshabeba lawama ya unyonyaji. Katika jina hilo moja mtafsiri mwaminifu alimsogelea Kurosawa.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama, na kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume, na humo vina alivyoviacha kwa ajili ya Kaizari vimerejea, ubeti baada ya ubeti.