Vidole Kumi Mbele ya Bastola: Alama za Vidole na Leseni ya Silaha katika Nchi ya Karagwe

Ombi la kumiliki bastola, kwa mkazi wa Kibingo, katika nchi ya Karagwe, huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Kamati ya ulinzi na usalama hukaa, humjadili mwombaji kwa jina lake, kisha huandika muhtasari unaopanda kwenye kata, wilayani na mkoani hadi kwa wakubwa wa polisi. Njiani, kabla kitabu cha leseni hakijatoka, mwombaji husimama mbele ya askari na kumkabidhi vidole vyake kumi. Wengi hupita hatua hiyo haraka, wakijifuta wino na kufikiria bei ya risasi. Mimi naona kwamba katika safari nzima ya leseni hakuna hatua yenye historia ndefu kama hiyo, na anayeijua historia yake hatadai kidole kiseme kisichoweza kusema. Kidole kinamtambua mtu. Kumjua mtu ni kazi ya majirani.

Tuanze na silaha zenyewe, kwa kuwa zilitangulia wino kufika huku. Nchi ya Karagwe, ambayo tangu 2012 imegawanyika kuwa wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, ilikuwa na wahunzi wake na mikuki yake kabla ya baruti kujulikana. Bunduki zilikuja na misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka pwani kupitia Tabora, ikielekea Buganda kutafuta pembe. Wafanyabiashara walipewa makazi Kafuro, karibu na Bweranyange palipokuwa na ikulu ya Mukama, yaani mfalme, na walikaa pale kwa ridhaa yake. Wapelelezi wa Uingereza John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika Novemba 1861, bunduki haikuwa kitu kigeni barazani. Hata hivyo Speke alipowapiga vifaru risasi na kumletea Rumanyika vichwa vyao, baraza zima lilistaajabu. Kuanzia hapo, nani abebe silaha ya moto lilikuwa swali la utawala, na jibu lilitoka kinywani mwa Mukama.

Miaka ishirini na kitu baadaye swali hilo lilimzidi nguvu mtawala yeyote mmoja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Charles Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu zilizostaafishwa na majeshi ya Ulaya. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Magobole yaliruhusiwa kwa masharti. Silaha ziwekwe kwenye maghala ya serikali, zitolewe kwa kibali tu, zipigwe chapa na kuandikwa daftarini. Mkataba ulijitangaza kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini pia ulielekea kuhakikisha kwamba katika vita vya kuitawala Afrika upande mmoja tu ungekuwa na bunduki za kisasa. Mwaka huohuo, Novemba 1890, Emin Pasha alisimika kituo cha Wajerumani Bukoba. Katika ukanda huu, basi, bunduki ilipigwa chapa kabla ya mwenye bunduki kuchukuliwa alama.

Alama za mwenye bunduki zilikuwa zikiandaliwa mbali, nchini India. Mwaka 1858 ofisa wa Kiingereza aliyeitwa William Herschel, akifanya kazi Bengal, alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai aweke alama ya kiganja chake nyuma ya mkataba wa vifaa vya barabara, ili asije akaukana. Kutoka kwenye kiganja hicho Herschel alihamia kwenye vidole, na akaanza kuvitumia kwa wapokea pensheni na wafungwa. Mwanasayansi wa Kiingereza Francis Galton alichapisha kitabu kizima juu ya alama za vidole mwaka 1892. Mwaka huohuo polisi wa Argentina walimtambua muuaji kwa alama ya kidole chenye damu. Bado lilikuwepo tatizo la makabati: ukiwa na karatasi elfu hamsini za vidole, utaipata vipi moja?

Jibu lilitoka ofisi ya polisi ya Bengal, chini ya Edward Henry. Hesabu yenyewe ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Vidole kumi hupangwa jozi tano. Mchoro wa kila kidole hukaguliwa kama ni wa mzunguko au si wa mzunguko, na mzunguko hupewa thamani kulingana na jozi ulipo: 16, 8, 4, 2 au 1. Jumla mbili zinazopatikana huipeleka karatasi kwenye moja ya mafungu 1,024, na mtafutaji hufungua fungu hilo moja tu. Serikali ya India iliukubali mfumo huo mwaka 1897, na Julai 1901 ukaanza kutumika Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Ulibeba jina la Henry peke yake. Nasikitika kila ninapolisoma jina hilo bila ya Haque na Bose, kwa sababu fomu ya vidole kumi iliyotumika katika vituo vya polisi vya makoloni ya Uingereza imetokana na kazi yao.

Afrika Mashariki ilikutana na fomu hiyo kwa uchungu. Kenya ilitunga sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, na baada ya vita kuu ya kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika aliyekadiriwa kufikisha miaka 16 alichukuliwa alama za vidole na kupewa kipande, ambacho alikivaa shingoni ndani ya kasha la chuma. Wakikuyu waliliita kasha hilo mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Mwajiri aliandika humo siku za kazi na mshahara, na aliyetoroka kazini alitafutwa kwa vidole vyake. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga kipande hadharani. Alipokamatwa, umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiwe, ukapigwa risasi Machi 16, 1922. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1947, serikali ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe kwa vidole. Walowezi wakawaka kwa hasira wakisema alama za vidole ni za wahalifu, na tume ya Bertrand Glancy ikapendekeza mwaka 1950 kwamba mwenye kuweza kuandika aruhusiwe kutoa picha na saini badala yake. Kwa miaka karibu thelathini hakuna mlowezi aliyeuliza kama Mwafrika naye huona aibu.

Tanganyika haikufika huko. Kipande cha huku kilikuwa kadi ya kuhesabu siku 30 za kazi mashambani, na kidole kilichojulikana zaidi vijijini kilikuwa kimoja: dole gumba. Lilitiwa kwenye hati ya shamba, kwenye wosia, kwenye maelezo mahakamani, na kwenye karatasi za malipo ya kahawa kwa asiyejua kusoma. Dole gumba lilikuwa neno la ridhaa, na aliyelitia alikuwa mwenye mali. Vidole kumi vilikuwa habari za polisi. Tofauti hiyo imo hadi leo vichwani mwa wazee wetu, na ndiyo sababu mzee aliyetia dole gumba mara nyingi kwa amani huingiwa na hofu anapoambiwa alete mikono yote miwili.

Bunduki, kwa upande wake, hazikutulia. Zama za Waingereza Mwafrika aliyepata kibali aghalabu alikipata cha gobole, la kulinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe mwitu. Baada ya uhuru mkoa wetu ukawa njia ya vita vya wengine. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Utawala wake ulipoanguka mwaka uliofuata, maghala ya silaha ya Uganda yaliporwa, likiwemo la Moroto lililobebwa na Wakaramojong. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, na walinzi wetu wa mpaka wakakusanya marundo ya mapanga na silaha nyingine. Wakimbizi walipewa hifadhi Ngara na pia Karagwe, katika kambi kama Chabalisa. Walio wengi walikuwa akina mama, watoto na wazee waliokimbia kifo. Silaha zilizopita pembeni kwa njia za porini hazikuandikwa popote. Kwa miaka mingi mabasi yalipita pori la Kasindaga yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na msafiri wa Bukoba alijua kwamba kuchelewa msafara ni kulala njiani. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa majambazi na wahamiaji haramu wiki mbili waondoke au wasalimishe silaha, kisha ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwasaka waliokaidi.

Anayetoka Kibingo kuomba bastola anaomba akiwa na historia hiyo mgongoni. Huenda ni mnunuzi wa kahawa anayetembea na fedha taslimu msimu wa mavuno, au mfugaji, au mwenye duka karibu na mpaka wa Murongo. Sheria iliyomsimamia baada ya 1991 ilikuwa Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka huo, na sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Hiyo iliandikwa nchi ikiwa tayari imefungwa na Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambamo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana kuzipiga silaha chapa na kutunza kumbukumbu zake. Mwaka 2016 kila mwenye silaha nchini alitakiwa aipeleke ikahakikiwe.

Tazama sasa mikono yenyewe. Katika utaratibu wa wino, askari hutandaza wino mweusi kwenye kibao kwa rola hadi uwe mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Humshika mwombaji kidole karibu na kucha, hukiviringisha kutoka ukingo hadi ukingo mara moja bila kurudi, na kukihamishia kwenye kisanduku chake katika fomu. Vidole gumba huviringishwa kuelekea mwilini, vingine kuelekea nje, kwa kuwa ndivyo mkono unavyolegea. Chini ya fomu hupigwa vidole vinne vya kila mkono kwa pamoja, ili kuhakiki kwamba mpangilio wa juu haukukosewa. Mwombaji hutakiwa alegeze mkono. Mkono wa mkulima haulegei kirahisi, kwani umezoea kushika mpini.

Na hapa ndipo shida ya kwetu ilipo. Mistari ya kidole huumbwa tumboni mwa mama na haibadiliki hadi kaburini, lakini huweza kusuguliwa ikafifia. Jembe huisugua. Kuchuma kahawa, kupasua kuni na kufyatua matofali huisugua. Utomvu wa ndizi huganda juu yake mweusi usiotoka kwa sabuni. Mashine za kielektroniki zilipokuja, katika vitambulisho vya taifa vilivyozinduliwa Februari 2013, daftari la wapiga kura la 2015 na usajili wa laini za simu ulioanza Mei 2019, wazee walisimama mbele ya kioo kidogo wakibonyeza tena na tena huku kikiwakataa. Laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Aliyetumia mikono yake kulilisha taifa hili ndiye aliyeambiwa kwamba mikono yake haisomeki. Hilo linahitaji dawa ya kiserikali, yaani njia mbadala iliyo wazi na isiyodhalilisha kwa kila huduma inayodai kidole.

Kwa leseni ya silaha, vidole vikishasomeka hulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu. Hapo wino hufanya kazi yake vizuri: aliyebadilisha jina hawezi kubadilisha mchoro wa kidole. Lakini kumbukumbu hizo zinamjua tu aliyewahi kukamatwa na kuandikwa. Hazimjui anayempiga mkewe usiku na kusamehewa asubuhi na wazee wa ukoo. Hazimjui anayetishia ndugu zake kwa ajili ya mpaka wa shamba, wala ambaye rubisi, pombe ya ndizi, ikimwingia huona kila mtu ni adui. Aliyetenda kosa ng'ambo ya mto Kagera na kurudi hana doa katika fomu ya huku. Wanaomjua ni wale waliokaa naye msibani na kisimani, na ndio waliopewa nafasi ya kwanza kusema katika kamati ya kijiji.

Kwa hiyo naikataa fikra kwamba mashine zikiboreka, kikao cha kijiji kitakuwa cha kupitisha tu. Kikao kina udhaifu wake, nao unajulikana: mwombaji ni tajiri, amechangia zahanati, nani atanyoosha mkono kumpinga? Dawa yake ni kuwalinda wajumbe wanaosema ukweli na kuwaita wanawake wa mtaa wake waulizwe faragha.

Kwa wasomaji wa jarida hili nina ombi. Madaftari ya zamani ya leseni za magobole na fomu zilizotiwa wino kwa mkono ni sehemu ya historia ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, na majirani zao. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inataka nyaraka za umma zitunzwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka vidole vya watu visizagae, kwa hiyo mahali pake si jalalani wala mitandaoni. Mtendaji unayesafisha stoo ya ofisi, ukikuta daftari la namna hiyo, usilichome. Iandikie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Na mwenye gobole la babu lililofichwa darini bila kibali, alipeleke polisi pindi serikali inapotangaza msamaha, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2022 na tena 2023.