Londiani na wana wa Torino

Miaka ya 1940, barua zilikuwa zikitoka Italia kuelekea Kenya zikiwa na anwani ya kambi nambari 365. Kambi hiyo ilikuwa Londiani, katika Kaunti ya Kericho ya leo. Ndani yake walifungwa Waitalia waliotekwa vitani Ethiopia, Eritrea na Somalia, sehemu ndogo tu ya makumi ya maelfu ya mateka walioletwa Kenya baada ya 1941. Historia yao Nanyuki, Nyeri na Mai Mahiu imesimuliwa mara nyingi. Ya Londiani husahaulika, na mimi naona ni hasara, kwa sababu mji huu una sehemu yake katika uhusiano mrefu kati ya Kenya na mji mmoja wa Italia: Torino.

Torino uko kaskazini mwa Italia, kando ya mto Po, na siku isiyo na mawingu milima ya Alps huonekana na theluji yake. Ndio uliokuwa mji mkuu wa kwanza wa Italia ilipoungana kuwa ufalme mwaka 1861. Katikati yake, mtu anaweza kutembea kilomita nyingi mvua ikinyesha asilowe, kwani barabara nyingi zina varanda ndefu za mawe. Mbele ya kanisa la Mama wa Faraja, ambaye wenyeji humwita Consolata, kuna mkahawa wa tangu 1763 unaouza kinywaji kiitwacho bicerin: chokoleti ya moto chini, kahawa katikati, malai juu, vyote ndani ya glasi ndogo, na hakikorogwi. Kila tarehe 20 Juni watu hufanya maandamano ya sikukuu ya Consolata barabarani.

Padri aliyesimamia kanisa hilo tangu 1880, Giuseppe Allamano, alianzisha shirika la wamisionari wa Consolata mwaka 1901. Mwaka huohuo reli kutoka Mombasa, iliyopita hapa Londiani, ilifika ziwani Kisumu. Mwaka 1902 wamisionari wanne wa kwanza walifika Tuthu, Murang'a, kwa Chifu Karuri wa Gakure. Kutoka hapo zikaja shule, hospitali na parokia za Nyeri na Meru. Allamano mwenyewe hakukanyaga Kenya. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Oktoba 2024.

Vita vikaugeuza uhusiano huo. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 upande wa Ujerumani, wamisionari Waitalia waliokuwa Kenya walihesabiwa kuwa raia wa adui wakawekwa kizuizini. Mwaka uliofuata, majeshi ya Uingereza yaliingia Ethiopia, na ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles, jeshi lililoandikisha vijana wengi wa Kipsigis na Nandi. Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyezaliwa Torino mwaka 1898 na aliyekuwa akiwakilisha mfalme Addis Ababa, alisalimu amri mlimani Amba Alagi Mei 1941. Akaletwa Kenya akiwa mateka. Tarehe 3 Machi 1942 alifariki Nairobi kwa kifua kikuu na malaria.

Kwa nini kambi ya mateka iliwekwa Londiani? Reli inajibu sehemu kubwa ya swali hilo. Kabla ya njia ya treni kufika Eldoret mwaka 1924, walowezi wa Uasin Gishu walikuwa wakishukia stesheni ya Londiani, kisha wakipanda na magari ya ng'ombe katika barabara ambayo masika iliigeuza tope tupu. Reli ya Eldoret ilipokamilika, biashara hiyo ikahama. Stesheni ilibaki, pamoja na msitu wa kuni na mbao. Na baridi pia ilibaki: Londiani iko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hukaa hadi karibu saa nne asubuhi. Kijana aliyetoka kwenye joto la Somalia alihitaji blanketi zaidi ya kitu kingine chochote.

Mateka walianza kurudishwa kwao vita vilipokwisha, na safari hizo ziliendelea hadi baada ya 1946. Walikofanya kazi waliacha alama. Kanisa dogo la Mai Mahiu, kando ya barabara waliyoijenga kushuka Bonde la Ufa, ni la 1942, na wasafiri husimama hapo hadi leo. Nyeri kuna kanisa la kumbukumbu lililojengwa mwaka 1952, ambamo Amedeo amezikwa pamoja na askari zaidi ya 600 wa Italia. Hakutaka kutenganishwa na wanajeshi wake, wala mwili wake haukurudishwa Torino.

Londiani iliendelea na msitu wake, na mwaka 1957 chuo cha misitu kikafunguliwa hapa. Barua za kambi 365 nazo bado ziko Italia, kwenye makabati ya familia na kwa wakusanyaji wa stempu, zenye mihuri ya wakaguzi. Kaunti ya Kericho ingeweza kuomba nakala zake, izihifadhi pamoja na simulizi za wazee wa Kipsigis ambao baba zao waliishi jirani na waya wa kambi ile. Wazee hao ndio wa kuanza nao, maana barua zinaweza kungoja.