Jina Refu la Shingo

Mtu akitoka Bukavu au Bujumbura, akiona kibao kimeandikwa Kacyiru, anaweza kusoma "Kasiru". Wenyeji wa Kigali wanatamka karibu na "Kachiru". Mtaa ni ule ule, ila jicho linasema hivi na sikio linasema vile. Sasa huko Kacyiru ndiko iliko hospitali ya King Faisal, na wagonjwa hufika hospitali za Kigali na karatasi zenye maneno magumu kuliko jina la mtaa.

Chukua neno moja: sterno-cléido-mastoïdien. Ni Kifaransa, herufi 22. Tulikate kwa ulimi wetu: ste-no-kle-i-do-ma-sto-i-di. Silabi 9 tu. Mizizi yake ni ya Kigiriki. Sternon ni kifua. Kleis ni ufunguo, na Wagiriki waliuita hivyo pia mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani. Mastos ni titi, na eidos ni umbo: ndiyo nundu ya mfupa nyuma ya sikio. Basi jina lenyewe ni ramani. Msuli huu unaanzia kifuani na kwenye mtulinga, unapanda mpaka nyuma ya sikio. Geuza uso upande mmoja, utauona umejitokeza upande wa pili wa shingo.

Zamani kila chuo kiliita viungo kivyake. Mwaka 1895 wataalamu walikutana Basel, Uswisi, wakapunguza majina takriban 50,000 yakabaki 5,500 hivi, yote kwa Kilatini. Msuli wetu ukaandikwa musculus sternocleidomastoideus. Kifaransa na Kiingereza vinabadilisha mkia tu.

Historia hiyo inatugusa. Wabelgiji waliacha Kifaransa katika hospitali za Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2008 Rwanda iliamua Kiingereza kichukue nafasi yake mashuleni. Kwa hiyo munganga mmoja atasema "kleido", mwingine "klaido", na mkalimani anaweza kudhani ni magonjwa mawili.

Na hapo si mchezo wa maneno. Kuna watoto wachanga ambao msuli huu umekaza upande mmoja: kichwa kinainama upande huo, kidevu kinaelekea upande wa pili. Majirani watasema karogwa. Lakini akianza mapema mazoezi ya kunyoosha shingo, akiongozwa na mtaalamu, watoto wengi hupona bila kupasuliwa. Miezi ikipotea kwa kubishana juu ya jina, kazi inakuwa ngumu.

Ndugu mkalimani, na wewe mfanyakazi wa shirika, usibebe neno kwa sikio peke yake. Liandike, likate vipande, kisha mwonyeshe mama kwa kidole: kifua, mtulinga, nyuma ya sikio. Hapo ameelewa, hata kama hakusoma Kifaransa wala Kiingereza.