Kopo la Lyamba lya Mfipa
Sehemu ya Kwanza

Msomaji wangu, umewahi kubanwa na haja ndogo ukiwa ndani ya Fuso?

Kama hujawahi, usicheke. Kama umewahi, basi unajua kwamba mtu wa hali hiyo hachagui kichaka. Kichaka ndicho kinachomchagua.

Sasa mbona siku ile wifi yangu alichagua?

Twende taratibu. Ilikuwa Juni, ile Juni ya Sumbawanga ambayo ukitoa mkono nje ya blanketi, mkono unarudi wenyewe bila kuitwa. Tulitoka mjini alfajiri, tukapita Ntendo, tunashuka bondeni Muze kufuata mchele. Ndiyo biashara yetu, mimi na wifi. Maharage ya juu Ufipa tunayauza, mchele wa bonde la Rukwa tunaupandisha. Mimi napanga bei na kugombana na watu. Wifi anashika daftari.

Na kulishika analishika, nisimnyime haki yake. Alisoma kwa masista. Mwandiko wake umenyooka kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi, na kila saba anaikata kiuno kwa kistari. "Saba isiyokatwa ni moja yenye majivuno," husema.

Ila wiki mbili kabla ya safari hiyo, daftari lilisema hivi na sanduku likasema vile. Laki saba hazipo. Kufuli haijaguswa.

"Chuma ulete," wifi akasema, akalia machozi ya kweli.

Mfanyabiashara gani hajaisikia hiyo? Noti moja ya mteja inaingia kwenye droo kwa adabu, usiku inatoka na wenzake wote. Nikamwamini. Nikaweka chumvi ya mawe chini ya sanduku. Usinitazame hivyo, hata wewe ungeweka.

Mume wangu, ambaye ndiye kaka wa huyo wifi, alikuwa Mpanda kwenye shughuli zake. Nikampigia. Akanipa pole.

Pole ndefu kidogo. Lakini hayo tuyaache kwanza.

Kama hujafika kwetu, nikueleze barabara ile ilivyo. Unakwenda juu ya uwanda, matuta ya mahindi na maharage kulia na kushoto, upepo unakupiga kofi, halafu ghafla nchi inakatika. Imekatika kama mkate! Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko kama mita 800, na hiyo kilomita nzima unaishuka kwa kona. Ukingo huo ndio Lyamba lya Mfipa. Ukisimama pale asubuhi unaliona ziwa kule chini limelala kama bati jipya.

"Dereva, simama," wifi akasema. "Hapa hapa, penye lile jiwe."

Haki ya Mungu, alilitaja jiwe.

Akateremka na mkoba wake. Nani anakwenda kichakani na mkoba? Nikateremka nami, maana ukimwona mwenzio anakwenda, na wewe unakumbuka.

"Wifi, usije huku!" akapiga kelele. "Kuna upupu!"

Upupu juu ya mwamba mtupu? Na mimi ukiniambia usije, umenialika. Nikapita upande wa pili wa jiwe, nikainua kitenge, na kisigino changu kikagonga kijilundo cha mawe.

Mawe yalikuwa yamepangwa. Na mawe, msomaji wangu, hayajipangi.

Nikatoa la kwanza. Nikatoa la pili. Chini yake pakatokea kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, mfuniko wenye vibanio pande nne, limezungushiwa utepe wa mabakamabaka kama gwanda la askari. Nikalichukua, nikalikumbatia tumboni, mgongo wangu ukiwa kwa wifi.

"Wifi! Usilifungue!"

Sikia vizuri hapo. Mgongo wangu ulikuwa kwake. Kopo lilikuwa tumboni kwangu. Aliliona na macho yapi?

Hilo lifunge kwenye pindo la kanga. Tutalifungua wote.

Porini kwetu hakuna mtu, mpaka uokote kitu. Sijui walitokea wapi. Ghafla tuko kumi na tano: wenye majembe, wenye kuni, bodaboda wawili na abiria wao, mtoto wa sekondari aliyekuwa nyumbani likizo, na bibi mmoja mwenye shamba pale kando ya jiwe, ameegemea jembe lake, hasemi neno.

Utingo wetu alikuwa wa kwanza. "Hiyo rangi ni ya jeshi. Ni bomu hilo!" Akapanda juu ya Fuso, kana kwamba bomu haliwezi kupanda.

"Bomu gani?" akasema kijana wa bodaboda. "Hii ni mali ya Mjerumani." Na macho yakamwaka. Wajerumani walikuwa na boma lao kule Kasanga, wakiliita Bismarckburg, na tangu waondoke kwenye vita ya kwanza, hapa nchini kila shimo lina mtu anayetafuta dhahabu walizozika.

Mwingine akasema ni alama ya madini. Naye huwezi kumwita mjinga. Mwaka 2016 dunia nzima ilitangaziwa kwamba bonde hilo hilo la Rukwa lina gesi ya heliamu, na tangu hapo mgeni akitokea na kifaa mkononi, watu wanauliza fidia ni shilingi ngapi.

Halafu mama mmoja mwenye kuni akasema taratibu lile ambalo kila mtu alikuwa amelimeza.

"Hicho ni kitu cha mtu."

Kimya.

Unajua sifa yetu. Ukiwa Dar es Salaam ukisema umetoka Sumbawanga, muuza duka anakurudishia chenji kwa mikono miwili. Wananiudhi! Jina lenyewe wangeuliza maana yake: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Mji unaitwa tupa uchawi, wao wanatuona ndio ghala lake.

Lakini siku ile, mbele ya kopo lile, hata mimi niliyazungumza hayo kwa sauti ndogo.

Akafika mwenyekiti wa kitongoji, koti jeusi juu ya kaptula. Akasikiliza pande zote nne. Akakohoa.

"Aliyeokota ndiye afungue."

Nifungue? Vidole vyangu vilikuwa kwenye kibanio cha kwanza.

Naomba subira yako kidogo, maana mimi nilisubirishwa zaidi. Leo najua kopo lile lilikuwa nini, na nikikwambia utaona kwa nini mambo yaliharibika.

Zamani setilaiti za Marekani zinazomwonyesha mtu mahali alipo zilikuwa zikivurugiwa ishara kwa makusudi, sababu za kijeshi, hata raia akapotezwa mpaka mita mia moja. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton akatangaza kwamba uvurugaji huo unakoma. Siku mbili baadaye, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akachukua ndoo, akaificha msituni huko Oregon, akawatangazia watu vipimo vya mahali: itafuteni. Ndani aliweka vitabu, manati, na vitu vingine, pamoja na kopo la maharage.

Maharage! Mimi mwenye magunia arobaini stoo, hakuna aliyewahi kuyatafuta kwa setilaiti.

Hazikupita siku nyingi ndoo ikaonekana. Mchezo ukazaliwa, wakauita jiokeshingi, na leo kuna makopo zaidi ya milioni tatu yamefichwa duniani. Watu wazima wanapanda ndege, wanatembea na simu, wanalipata, wanaandika jina kwenye kidaftari, wanalirudisha. Basi. Hakuna zawadi wala kikombe.

Sasa hayo nenda kawaeleze watu kumi na tano pale Lyamba. Na mimi siku ile sikuyajua.

Nikafungua.

Mfuko wa nailoni. Ndani yake kidaftari. Kipande cha penseli. Gari dogo la plastiki. Sarafu yenye picha ya lango refu la nguzo nguzo. Kibamba cha chuma kilichochongwa namba, kimefungwa kwa mnyororo kwenye kimamba cha mpira. Na karatasi ya Kiingereza.

"Ni ya Mjerumani!" kijana wa bodaboda akaidaka sarafu. Kweli ilikuwa ya Mjerumani. Senti kumi ya yuro, hainunui hata soda.

Mtoto wa sekondari akasukumwa mbele asome. Sauti ikamtetemeka, akatafsiri neno kwa neno.

"Ukichukua kitu... acha kitu cha thamani sawa au zaidi."

"Masharti," mtu akanong'ona.

"Andika jina lako na tarehe."

"Mungu wangu."

"Rudisha pale pale ulipokuta. Watu wasiohusika... wasikuone."

Wewe uliyekaa kwenye kochi, niambie ukweli. Hayo ni maneno ya mchezo au ya mganga?

Na bado! Kile kibamba kilikuwa na kadi yake. Mtoto akaisoma kimoyomoyo kwanza, akanitazama, akameza mate.

"Soma, mwanangu," mwenyekiti akasema.

"'Mimi ni msafiri. Usinifanye wako. Nichukue, unifikishe mbali zaidi.'"

Watu wakarudi nyuma hatua tatu, wote kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi. Kimamba kikabaki kinaning'inia kwenye kidole changu, kinatabasamu.

Hapo ndipo bibi mwenye shamba akacheka.

Laiti asingecheka.

"Mnaogopa hiki?" akasema. "Mimi nakiona kila msimu. Wazungu wanakuja, wanainama, wanaandika, wanapiga picha, wanaondoka. Mmoja alinipa biskuti."

"Ulikuwa unajua?" kijana wa bodaboda akamgeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Jibu zuri kuliko yote siku ile, na ndilo lililomponza. Nikaona macho yanahama kutoka kwenye kopo, yanatua kwake. Shamba lake. Jiwe liko kwake. Anakaa peke yake. Ng'ombe wa fulani alikufa lini? Mtoto wa fulani alianguka wapi? Hesabu zilipigwa pale pale, bila kalamu.

Mwenyekiti akaliona. "Atakayemwita mtu mchawi hapa nitamfikisha mahakamani. Sheria ipo tangu Mwingereza, mwaka 1928."

"Hatujasema mchawi," kijana akajibu, mpole kabisa. "Tumesema tukaangalie nyumbani kwake kuna makopo mangapi."

Wenzake watano wakashika njia. Mmoja akachukua jembe kutoka mkononi mwa bibi, kwa adabu, kama anayemsaidia mzigo. Bibi hakucheka tena.

"Ngojeni!" mtoto wa sekondari akaita. Alikuwa bado anafunua kidaftari. "Majina yote haya ni ya wageni. Huyu Mjerumani, huyu sijui wapi... lakini ukurasa wa mwisho kuna Kiswahili."

Vijana wakasimama.

"Lete nisome," nikasema. Sijui kwa nini nilisema mimi.

Nikapitisha macho kwenye kurasa za Wajerumani. Kumbe nao hukata saba kiunoni. Nikataka kutabasamu, nimwambie wifi, angalia wenzako hawa. Nikafunua ukurasa wa mwisho.

Mstari mmoja. Umenyooka kama kanzu.

*17/6. Nimeweka 700,000. Nyingine 27/6.*

Saba tatu, na zote tatu zimekatwa.

Leo ilikuwa tarehe ngapi? Usiniulize. Tulipoondoka mjini niliandikia stakabadhi ya dereva kwa mkono wangu mwenyewe: ishirini na saba, mwezi wa sita.

Nikageuza shingo polepole. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, mkoba ameubana kwapani kwa mikono miwili, na mkoba ulikuwa umevimba.

Nikisema, naivunja nyumba ya mama mkwe wangu mbele ya watu kumi na tano. Nikinyamaza, vijana wale wanakwenda kwa bibi.

"Mama," mwenyekiti akasema, "imeandikwaje?"

Nikafungua mdomo.

Kabla sauti haijatoka, pumzi ya moto ikanifikia sikioni.

"Wifi," akanong'ona, "ukiutaja mwandiko wangu, geuza na huo ukurasa. Uutaje na wa mumeo."

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*