Askari wa Dar es Salaam aliyeidai Ujerumani mshahara wake

Agosti 2024, jiji la Berlin lilifuta jina la Carl Peters kwenye barabara moja ya mtaa wa Wedding. Peters ndiye yule mkoloni ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na kipande kimoja cha barabara hiyo sasa kinaitwa Maji Maji. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini jina hilo la Peters linatukumbusha mtu mwingine, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye hapa kwao ni wachache mno wanaomjua.

Huyo ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa 22 Februari 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan katika jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, kijana huyo wa miaka 10 aliingia jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kazi ya ishara. Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, Lindi, akaangukia mikononi mwa Waingereza. Vita vilipokwisha alihangaika na vibarua, kisha akapata kazi ya utumishi melini.

Mwaka 1929 alishuka Berlin. Hakwenda kutembea. Alikwenda moja kwa moja kwenye Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao haukuwahi kulipwa. Maofisa walimjibu kuwa muda wa kuwasilisha madai umepita. Mtoto aliyepigwa risasi akiitumikia serikali yao aliambiwa amechelewa!

Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst, aliyeandika maisha yake katika kitabu kilichotoka 2007, anaonyesha kwamba Husen hakukaa kimya. Serikali ilipoanzisha nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele mwaka 1934, aliiomba kama mpiganaji mwingine yeyote. Akanyimwa. Hata hivyo aliendelea kuhudhuria hafla za wapenda makoloni akiwa amevaa sare za kiaskari, bendera mkononi na nishani kifuani.

Wapo watakaomwita kibaraka kwa hilo. Mimi sikubali. Mtoto wa miaka 10 hachagui jeshi, na anayedai ujira wake hajipendekezi kwa mtu. Husen aliwashika Wajerumani kwa neno lao wenyewe: walisema askari ni mwenzao, naye akataka atendewe kama mwenzao.

Huku nyuma ilibidi maisha yaendelee. Alihudumu mezani Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe karibu na Potsdamer Platz, na Januari 1933 akafunga ndoa na Mjerumani, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka. Chuo kikuu alifundisha Kiswahili chini ya Profesa Diedrich Westermann. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo polisi walioandaliwa kwa makoloni ambayo Ujerumani iliota kuyarudisha. Fikiria darasa hilo: mwalimu anawafundisha lugha ya mama yake watu wanaojiandaa kwenda kuwatawala ndugu zake, na malipo yenyewe ni haba.

Kuanzia 1934 aliigiza pia kwenye filamu zaidi ya 20, mara nyingi akipewa nafasi ya mtumishi. Ya mwisho ilikuwa ile ya 1941 iliyomtukuza Carl Peters. Husen ndiye aliyecheza kama kiongozi wa njia wa Peters.

Mwaka huohuo, Agosti, polisi wa siri walimkamata. Kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke Mjerumani asiyekuwa mkewe, jambo ambalo Wanazi waliliita aibu ya mbari. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akakaa humo miaka mitatu, akafariki 24 Novemba 1944 akiwa na umri wa miaka 40. Majivu ya Mwislamu huyo yalizikwa Berlin.

Ujerumani Magharibi ilikuja kukubali kuwalipa askari waliokuwa hai mwaka 1964, miaka 20 baada ya kifo chake. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba mbele ya namba 193, Brunnenstrasse, alikokuwa akiishi, na 2013 ikatoka filamu kuhusu safari ya maisha yake.

Sisi je? Tunayo sanamu ya Askari pale Samora, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927, nayo haina jina la mtu. Wanafunzi wetu wanamjua Peters kwa mikataba yake ya ulaghai, ila hawafundishwi habari za Husen. Wizara ya Elimu imwingize kwenye vitabu vya historia, na Jiji la Dar es Salaam limpe mtaa mmoja mtoto wake huyu. Jina liandikwe kamili: Bayume Mohamed Husen, askari na mwalimu wa Kiswahili.