Uzamili wa Uuguzi Simiyu: Cheo Kitangulie Kozi

Muuguzi wa zahanati ya kijijini Meatu au Itilima hachagui kazi. Asubuhi yuko kliniki ya watoto, mchana anasafisha kidonda, usiku anazalisha, na katikati ya hayo anajaza vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za huduma za afya. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na Mwanza, ulihesabiwa kuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya 2022. Wengi wao hupokelewa kwanza na muuguzi wa namna hiyo. Nashikilia kwamba ujuzi wake mpana unastahili kuendelezwa hadi shahada ya uzamili, na mwenye shahada hiyo apewe cheo kitakachombakiza karibu na mgonjwa.

Kwa sasa njia hazielekei huko. Uzamili wa uuguzi pale Chuo Kikuu cha Muhimbili umejengwa juu ya ubobezi: wagonjwa mahututi, ukunga na afya ya wanawake, afya ya akili. Ni elimu tunayoihitaji sana. Lakini aliyebobea katika wagonjwa mahututi hupata uwanja wake katika hospitali kubwa ya rufaa kama Bugando, Mwanza. Akirudi Bariadi, milango iliyo wazi ni ofisi ya muuguzi wa wilaya au mkoa, au darasa la chuo. Kote kuwili wodi imempoteza.

Marekani walipambana na jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilikadiria kwamba makosa ya kitabibu huua wagonjwa 44,000 hadi 98,000 kila mwaka hospitalini, mengi yakitokana na mpangilio wa kazi kuliko uzembe wa mtu mmoja. Miaka michache baadaye, chama cha vyuo vya uuguzi kikabuni muuguzi kiongozi mwenye uzamili. Huyu si meneja wala bingwa wa ugonjwa mmoja. Humfuatilia mgonjwa tangu kupokewa hadi kuruhusiwa, akaona dawa ipi imerukwa na taarifa ipi imepotea zamu zilipokabidhiana.

Najua nitaambiwa Simiyu inahitaji kwanza wauguzi wengi wa cheti na stashahada. Ni kweli, na nisingependa ajira hata moja ya hizo ipunguzwe. Ila hata wakiongezeka, mama mwenye kifafa cha mimba bado anaweza kufika hospitali ya wilaya bila maelezo ya dawa alizochomwa kituoni. Hapo kinachokosekana ni uratibu, nao unataka mtu aliyeusomea, mwenye mamlaka ya kumpigia daktari, dereva wa gari la wagonjwa na zahanati bila kusubiri kikao.

Simiyu ina halmashauri sita. Nafasi sita za muuguzi kiongozi wa namna hiyo zingetosha kuanzia, zikiandikwa katika muundo wa utumishi na kuingizwa kwenye ikama, mwenye nafasi akipanda daraja kwa kazi ya wodini na vituoni. Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo lenye usajili. Ofisi ya Utumishi wa Umma ndiyo yenye muundo. Ofisi hizo mbili zikae pamoja kabla chuo chochote hakijatangaza kozi, ili muuguzi wa Maswa anayejilipia ada ajue, siku anayojaza fomu, cheo kinachomngoja nyumbani.