Mtori Haulali

Supu ya vitunguu ya Kifaransa ilifika jikoni kwetu ikitokea mlimani. Mjomba wangu alipika miaka kumi na minane kwa wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na mpishi yeyote wa kule atakwambia kwamba kila jioni lazima iwepo supu. Mgeni akifika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, hamu ya kula imeshamtoka. Supu ndiyo njia ya kumtia maji, chumvi na joto bila kumbembeleza.

Wapishi wa mlimani wanakipenda kitunguu kwa sababu ambazo mbebaji atazielewa kuliko mpishi wa hoteli. Hakipondeki mgongoni, hakihitaji barafu, na siku ya tano kiko vilevile kama kilivyotoka Soko la Mbuyuni. Tena hakitishwi na mwinuko. Maharage kule juu hayaivi hata uchochee namna gani, maana Kibo maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi tu, lakini kitunguu kinaanza safari yake kwenye mafuta, na mafuta hupata moto wake popote.

Alipostaafu alitufundisha. Vitunguu kilo mbili, vyekundu vya Mang'ola, vikatwe vyembamba. Moto mdogo, mafuta, chumvi kidogo, na karibu saa nzima ya kugeuza mpaka vinywee na kuwa na rangi ya chai ya rangi. Hapo ndipo unamimina mchuzi wa mifupa. Mkate uliokauka na jibini huwekwa mwishoni, kwenye bakuli, si kwenye sufuria. “Sufuria ni ya kesho,” alikuwa akisema. Supu bila mkate ikipoa huingia kwenye friji na kukaa siku tatu, nne. Kwenye friza miezi. Ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza.

Nilipoitazama vizuri nikaona kwamba supu ile yote imetoka ghalani. Kitunguu ni zao linalokaushwa shingo ili likae. Mkate ni wa jana au juzi. Jibini ni maziwa yaliyotafutiwa namna ya kuvuka miezi. Wachuuzi na wabeba mizigo wa soko la Les Halles, Paris, waliinywa usiku wa manane na alfajiri kabla soko lile halijahamishiwa Rungis mwaka 1969. Ni chakula cha nchi yenye majira ya baridi, ambako miezi kadhaa ya mwaka shamba halikupi kitu.

Sasa chukua mtori. Nyama yenye mfupa inachemshwa mpaka ilainike, ndizi mbichi zilizomenywa zinaingia na kitunguu, zikiiva zinapondwa kwa mwiko mpaka zisahau kwamba zilikuwa ndizi, kisha maziwa au siagi kidogo. Unanyweka ukiwa wa moto. Uache ulale, asubuhi umeganda unaweza kuukata kwa kisu. Uongeze maji na kuupasha, unakuwa na chengachenga. Uugandishe kwenye friza, ukiyeyuka maji yanakaa upande wake na wanga upande wake. Bibi yangu alikuwa na neno moja tu juu ya hilo: mtori haulali. Kiporo cha mtori walipewa mbuzi.

Ukiishi Marangu wakati wa bibi, hukuwa na sababu ya kuulaza. Kihamba ndicho kilikuwa ghala. Migomba huzaa mwaka mzima. Mkungu uliokomaa unakungoja kwenye shina kwa siku kadhaa, na pembeni ya shina hilo kuna machipukizi yanayosubiri zamu. Chini ya migomba kuna kahawa na magimbi, juu yake miti ya kivuli, nyuma ya nyumba ng'ombe anayekatiwa majani na kulipa kwa samadi, na katikati ya yote mfongo unaoleta maji kutoka juu mlimani. Zamani za vita vya Wamangi na uvamizi wa Wamaasai, watu wa pande za Marangu walichimba mahandaki ya kujificha wao na mifugo yao. Wageni hupelekwa kuyaona hadi leo. Migomba ilibaki juu. Ng'ombe anaswagwa, kihamba hakiswagwi.

Ndizi yenyewe ina ukoo mrefu kuliko tunavyodhani. Mtori mzuri ni wa ndizi mshare, ambayo watafiti huiandika Mchare. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kundi hilo, linalopatikana Afrika Mashariki na Visiwa vya Komoro, ni la nasaba moja na mzazi mmoja wa Cavendish, ile ndizi mbivu ya njano inayojaa kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Mjomba aliposikia hayo aliuliza kwa nini basi hawatulipi mahari.

Lakini mtori haukuwa chakula cha kila mtu kila siku. Ulikuwa wa mgonjwa, wa mzee asiye na meno, na zaidi ya wote wa mzazi. Mwanamke aliyejifungua alikaa ndani miezi mitatu, halimi, habebi kuni, analishwa. Charles Dundas, afisa wa Kiingereza aliyefanya kazi Moshi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya Kilimanjaro jinsi miezi hiyo ilivyokwisha: mama ananyolewa, anavikwa shanga kichwani na vazi la ngozi, anapewa fimbo kama ya wazee, kisha anatoka taratibu na mtoto wake kuelekea sokoni, na njiani anapokelewa kwa nyimbo za aina waliyoimbiwa mashujaa waliorudi kutoka vitani. Nimesoma ukurasa ule mara nyingi. Kinachonishangaza si fimbo wala shanga, bali gharama. Mama yangu anasema siku zake mkungu mmoja ulikwenda siku tatu. Miezi mitatu ni mikungu thelathini, nyama na maziwa yakiwa mbali, na watu wengine wa nyumba nao wanakula. Heshima ile ilihitaji ardhi. Kihamba kidogo hakiwezi kumkalisha mzazi ndani miezi mitatu.

Na vihamba vilikuwa vinapungua. Miaka ya 1890 wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Kilema. Kufikia mwaka 1925 wakulima Wachagga walikuwa na chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Kahawa ilijenga shule, zahanati na nyumba za bati, na sina nia ya kuibeza, maana karo ya baba ilitoka humo. Ila ililifanya kila pindo la kihamba kuwa na bei, na fedha yake ilikuwa ya mwanaume. Ndizi ziliendelea kuwa za mwanamke: alizipanda, alizikata, alizipeleka sokoni, kwenye ardhi isiyokuwa yake. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu, kitindamimba wa kiume hurithi nyumba ya baba, na binti hungoja kuolewa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Mwaka 2011 FAO ikakitambua kihamba cha Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Yote mawili ni mema. Hakuna hata moja lililoongeza udongo.

Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana wanne. Sehemu ya baba imegawanywa tena. Iliyobaki chini ya mikono ya mama ni hatua arobaini kwa thelathini, migomba ishirini na kitu, na kaka yangu mdogo, ambaye kimila ndiye mwenyewe, anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Hana roho mbaya. Ana watoto watatu, na mkungu wa ndizi haulipi ada.

Mwaka juzi dada yangu alijifungua Dar es Salaam. Mama hakuweza kukaa kule miezi mitatu, kwa sababu ng'ombe hana likizo, na mzazi hawezi kunyweshwa kiporo. Ndipo ile supu ya mjomba ilipotufaa. Kwenye supu ya vitunguu, alisema, hulazi mkate, unalaza mchuzi. Basi na mtori ni hivyo hivyo: laza kinacholala.

Mama alichemsha mifupa ya ng'ombe kutwa nzima na vitunguu vingi, akaacha maji yapungue mpaka mchuzi ukipoa ukawa unatetemeka kama jeli. Nyama aliichambua kwenye mifupa akairudisha humo. Akaupoza haraka, sufuria ndani ya beseni la maji baridi ya mfongo, akagawa kwenye makopo ya aiskrimu, kila kopo mlo wa siku moja, bila ndizi, bila maziwa. Yakakaa kwenye friza ya jirani siku mbili mpaka yakawa mawe. Yalisafiri na basi la alfajiri ndani ya kasha la kuhifadhia baridi, yamefungwa kwa magazeti, na pembeni kiroba cha mshare mbichi, maana ndizi mbichi zinavumilia wiki moja kivulini. Dada alikuwa anapaka mafuta mikononi asishikwe na utomvu, anamenya chane moja, anazitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi, anafungua kopo. Nusu saa, mtori umeiva, mpya.

Mikungu ya mama iliisha wiki ya tano. Baada ya hapo alinunua ndizi Mabibo, za Tukuyu, na akasema zinapondeka vizuri ila zina utamu wa ugenini. Makopo yaliendelea kuja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84 zenye malipo. Wiki kumi na mbili. Karibu miezi mitatu ileile ya bibi, ingawa sidhani kama waliotunga sheria walikuwa wanafikiria Marangu. Siku ya 85 dada alitoka na daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, pampu ya maziwa ikiwa kwenye mkoba. Mtoto alibaki na msichana wa kazi. Kwenye friza yalikuwa yamebaki makopo mawili, na jioni alipiga simu kuuliza kama mchuzi unafaa kwa wali.